Jina la Enid Skelbourn

Enid Skelbourn hakuolewa, na watu wa Horncastle, mji mdogo wa Uingereza, hawakukosa la kusema. Wengine walidai anajiona. Ukweli ni kwamba Ron Blanchard, fundi bomba mpole asiye na neno na mtu, alimposa mara mbili, na mara zote mbili Enid alikataa huku roho ikimuuma. Angeolewa angeitwa Bibi Blanchard, na akina Blanchard wamejaa tele. Mwanawe angempataje?

Maana alikuwa na mwana. Alimzaa Januari 1963, akiwa na miaka kumi na minane, katika nyumba walikofichwa wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa, theluji imefika madirishani. Akamwita Colin. Wiki ya sita msimamizi alimbeba mtoto, akarudi mikono mitupu.

"Ameshachukuliwa na watu wa maana. Sasa futa machozi, usahau."

Kusahau! Na maziwa bado yanamlowesha blauzi.

Jina la Skelbourn ni adimu. Katika kitabu cha simu lilikuwa moja tu, la kwake. Mtoto akikua ataruhusiwa kuona cheti chake cha kuzaliwa, atalisoma jina, atapiga simu. Kwa hiyo Enid hakubadilisha jina wala namba, miaka na miaka.

Simu ilipokataa kulia, akaanza kulifuatilia jina lenyewe, angalau awe na ukoo wa kumwonyesha siku atakapokuja. Kila Jumanne, katika ukumbi mdogo wa kanisa, alikaa na wenzake wanaotafuta mababu, akinakili ubatizo, ndoa na mazishi kwenye kadi. Alirudi nyuma hadi mchunga kondoo aliyezikwa mwaka 1594. Miaka ya sitini tu ndiyo hakuigusa. Akijiuliza kwa nini, aliinuka kuchemsha chai.

Desmond Pask, karani mstaafu, hakuweza kuona pengo akanyamaza.

"Bibiye, wachunga kondoo umewajaza sanduku zima, lakini sitini na tatu hamna kitu. Umewala?"

"Achana nayo, Desmond."

"Mkaidi kama punda wewe!"

Jumanne iliyofuata Enid alikuwa ametimiza miaka themanini. Desmond alimletea mkate wa zabibu uliopakwa siagi, na karatasi aliyoichapisha nyumbani, anatabasamu hadi masikioni.

"Zawadi yako. Nimekuzibia pengo. Orodha ya vifo, robo ya kwanza ya 1963. Yuko mmoja tu."

Enid alivaa miwani. *Skelbourn, Colin. Umri: 0.*

Alisoma tena. Hapakuwa na watu wa maana. Hapakuwa na mtu wa kupiga simu. Ron alikuwa amekwisha kufa, mjane wake bado anauza maua sokoni, na Enid alikuwa amekaa karibu na simu miaka sitini na moja akimngoja mtoto aliyekuwa ardhini.

"Inasema alizikwa wapi?"

"Orodha hizi hazisemi." Desmond alikuwa ameshamwandikia kadi, kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini, na mahali pa mama aliweka alama ya kuuliza. "Huyu ananishinda. Hayumo popote kwenye ukoo wako. Mtoto wa nani?"

Enid alisukuma mkate pembeni, akaivuta kadi.

"Nipe kalamu," alisema. "Wa kwangu."