Mbegu za dhahabu zilizomfanya Mama aache vidonge

Wakuu, salamu kutoka Masisi, huku ambako ukungu huamka kabla ya watu. Ninayosimulia yametokea nyumbani kwetu, sijayatia chumvi.

Mama yangu ana presha. Huku tunaiita tension. Miaka yote alimeza vidonge vya kituo cha afya kila asubuhi, bila kelele.

Kisha matangazo yakaanza kuingia kwenye simu yake. Groupe ya kanisa, groupe ya ukoo, namba asizozijua. Picha ileile: bakuli jeupe, mbegu ndogo za rangi ya dhahabu, na maneno "chakula cha wafalme wa kale, tupa vidonge". Ukiifuta, kesho inarudi.

Kaka yangu Bahati anafanya biashara Mubi, Walikale. Aliamini, akanunua pakiti, akaituma. Kwa upendo tu, wakuu. Yuko mbali na anataka mama yake aishi.

Mama akaacha vidonge, akawa anapika mbegu zile.

Nikamsihi. Akanijibu, "Weye unaandikaka hadisi za uongo na mimi nakuachaka. Uniache na mbegu zangu."

Nikaanza kumwona amesimama mlangoni, ameshika kichwa, macho ameyafumba mpaka kizunguzungu kipite. Niliogopa, kwa kweli. Kumpoteza mama kwa ajili ya picha ya bakuli!

Sasa, mwanamke wa milima yetu hapiki mbegu ngeni zote. Hutenga konzi moja aitie udongoni, ajue inazaa nini. Mama alimwaga ya kwake nyuma ya jiko.

Mvua ikanyesha, zikaota.

Asubuhi moja akaniita. Ameinama juu ya miche, anacheka mpaka machozi.

"Kuya uone. Hii njo nini?"

"Lengalenga, Mama."

"Njo lengalenga. Ile napalilia kila siku na kutupia mbuzi."

(Wa Dar, ni mchicha tu huo. Mbegu za kwetu ni nyeusi, hizi zilikuwa nyeupe-njano, ndiyo maana hakuzitambua.)

Akampigia Bahati, simu ikiwa kwenye spika nisikie. (Huku mama humwita mwanawe Papa.)

"Papa, ile dawa yako imeota. Iko lengalenga."

"Mama, walisema iko ya wafalme."

"Basi mimi niko mufalme tangu nizaliwe, na tension iko palepale."

Bahati akacheka, kisha sauti ikashuka. "Vidonge unameza?"

"Nitaenda kesho."

"Leo, Mama. Nakuomba."

Tulikwenda kituoni siku ileile. Muuguzi alimpima, akamgombeza kidogo, akamrudishia dawa. Sasa kizunguzungu kimekwisha, na jioni anapika lengalenga na maharagwe, tunakula wote.

Nilichojifunza: chakula kizuri hakimwambii mtu atupe dawa yake. Kikisema hivyo, muulize muuguzi kwanza. Na aliyekutumia usimtukane. Mara nyingi ana hofu kama wewe.

Kwenu je, simu za wazazi zimejaa nini? Mliwarudishaje kwenye dawa? Andikeni hapa. Bahati anasoma, na kule Mubi ameanza kuwajibu wanaotuma matangazo hayo.