Mimba Iliyokaa Kwenye Kovu

Kwetu mama mkwe haketi chumba kimoja na mume wa binti yake. Hamshikani mikono, hamli pamoja, na mkikutana njiani mmoja anapiga kona. Miaka tisa niliishi hivyo na mkwe wangu, mvuvi wa Muhuru Bay, na hatukukosana hata siku moja. Tungekosania wapi?

Siku ile, hospitalini Homa Bay, daktari alipotuita, mkwe aliingia na binti yangu. Mimi nikabaki mlangoni, nimetazama ukuta.

"Mama, ingia uketi," daktari akasema. Ni msichana mdogo, lakini macho makali.

"Nasikia nikiwa hapa. Masikio hayahitaji kiti."

Binti yangu alishajifungua mara mbili kwa kupasuliwa. Sasa mimba ya tatu, ya wiki saba tu, ilikuwa imejishika kwenye kovu lile, mahali ukuta wa nyumba ya mtoto ni mwembamba kama karatasi. Na skani ilionyesha moyo unapiga.

Mkwe alisikia neno moyo, mengine yakampita. "Si tungoje? Moyo ukipiga, Mungu yuko."

Daktari hakumkemea. Alisema wako waliongoja wakafika kujifungua, lakini kovu linaweza kupasuka, damu imwagike, binti apoteze nyumba ya mtoto au maisha. Iko sindano ya kukausha mimba, ila moyo ukishapiga mara nyingi haitoshi peke yake, na lazima arudi kupimwa damu wiki baada ya wiki. Wanaweza pia kuivuta kwa mrija wakitazama kwenye skani. Au wapasue, waitoe, washone kovu upya.

"Tungoje," mkwe akasema tena.

Binti yangu akanitazama pale mlangoni. Nikaingia, nikavuta kiti, nikaketi mbele ya mkwe, magoti karibu yagusane. Akaruka kama ameona nyoka.

"Keti! Ukitoka nakufuata mpaka kwenye boti."

"Lakini mama, si ni mwiko huu?"

"Mwiko ni mimi kumzika mtoto wangu na wewe ukiwa umenipa heshima zote. Unalilia moyo mmoja. Huyu hapa naye ana wake. Umemuuliza?"

Akainamisha kichwa. Halafu, polepole, akamgeukia mkewe. "Wewe unataka nini?"

"Itolewe, na kovu lishonwe vizuri," binti akasema. "Nataka kulea hawa wawili nilionao."

Akatia sahihi mwenyewe. Mkwe alimshikia karatasi isipeperuke.

Walimpasua siku hiyo hiyo, na nyumba ya mtoto ikabaki. Daktari akamwambia asiharakie mimba nyingine, na akishika aje skani mapema. Binti alilia siku kadhaa nyumbani kwangu, na sikumkataza, maana alikuwa na haki ya kulia. Sasa amerudi Muhuru, anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, na kuwatukana ndege yangeyange wanaomwibia. Ukimpigia simu, huwezi kuingiza neno.