Pale Patupu Chini ya Mwaka

Mchora tatuu wa mji wa kale wa Yerusalemu hatazami sura za watu, hutazama mikono yao. Miwani yake imefungwa kwa uzi, na kidole gumba chake kimekolea wino hata sabuni imekikatia tamaa. Siku ya mwisho ya hija ya Pasaka, Wakopti, Wakristo wa Misri, hujipanga mlangoni pake, kwani anayerudi kijijini bila alama huulizwa alikuwa wapi. Yeye hugonga msalaba mkononi kwa muhuri wa mti, huupitia kwa sindano, huandika mwaka chini yake, kisha huacha upana wa kidole mtupu, wa kuandikia mwaka mwingine mtu akirudi.

Mama Makari alikuwa wa mwisho, na basi la kuwarudisha lilishapiga honi mara mbili. Hija hii walipanga kuja pamoja na mumewe. Akaja peke yake. Alipokwisha kuchorwa, aliuinua mkono wake mkavu, akapaona pale patupu. “He, mwanangu! Hapa umemwachia nani? Nina themanini na tatu mimi.” “Huwa naacha, mama.” “Waachie vijana. Mimi nirudi kwa miguu ipi? Jaza, weka hata ua.” Mchoraji akapandisha miwani, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama mtu usoni. “Maua sijui kuchora,” akasema, na nyuma yake mihuri ya waridi imejaa rafu nzima. Mama Makari aliiona, akashusha mkono. Akalifuata basi juani, kiganja kikiukinga mkono uliochorwa. Na alichokifunika hakikuwa msalaba, bali pale patupu.