Imeandikwa Wapi?

Kaka yangu hajui kukaa. Hata chai anainywa amesimama, anaizunguka meza kama mtu aliyeangusha funguo. Jina alilopewa na mama yetu limeshasahaulika mtaani. Wote wanamwita Imeandikwa Wapi, kwa sababu hilo ndilo swali lake kwa kila jambo. Mwambie jirani kabatiza mtoto, umejitafutia mwenyewe, utasimamishwa hapo mpaka miguu ife ganzi. Siku moja nilimwambia suruali yake imechanika nyuma, akauliza imeandikwa wapi. Nikamjibu, “Kwenye makalio yako, kaka. Geuka usome.”

Ni fundi wa kuchomelea vyuma: mageti, madirisha, vitanda. Karakana yake iko uani, mimi nashona nguo chumba cha mbele, kwa hiyo kelele zake nazipata mchana kutwa. Mkewe alifariki akamwachia binti mmoja, nami nikasaidia kulea. Binti huyo amekulia kwenye cheche. Leo ni fundi kamili, na mshono wake wa chuma umenyooka kuliko wa baba yake, ingawa ukilisema hilo mbele ya mzee jiandae kukimbia.

Kila Jumapili kaka alikuwa anaendesha ibada sebuleni kwetu. Biblia peke yake, basi. Hakuna katekisimu, hakuna ungamo la imani, hakuna cha maswali na majibu. “Maneno ya wanadamu,” anasema, na anatema mate nje ya dirisha. Mwanzoni watu walijaa mpaka barazani. Lakini kila mtu alikuja na Biblia yake na aya yake. Wakagombana juu ya ubatizo, wengine wakaondoka. Wakagombana juu ya siku ya kuabudu, wengine wakaondoka. Mwishowe kaka akabaki na fundi redio mmoja wa mtaani, nao wakawa wanaangaliana kwa jicho la pembeni.

Fundi redio ndiye aliyeharibu mambo. Siku ya msiba wa wifi yangu, kaka alikuwa anazunguka uani, hawezi hata kuingia ndani. Fundi redio akamfuata binti aliyefiwa na mama, akafungua Biblia, akamwambia mama yake angekuwa na imani angepona. Mwingine wa ibada yetu akaruka na aya yake kumpinga. Wakabishana juu ya kichwa cha mtoto, maiti iko chumba cha pili! Niliwafukuza wote wawili kwa ufagio, na sijutii.

Binti alilimeza neno lile. Alikaa nalo miaka. Kisha mwaka huu nikasikia anakwenda kanisa kubwa la karibu na soko, kwenye darasa la katekisimu, na kwamba atakiri imani yake mbele ya waumini. Nikamuuliza ana nini.

“Shangazi, nimechoka kila mtu kunifungulia aya yake,” akasema. “Nataka kujua watu waliokaa pamoja wakaisoma Biblia yote, walikubaliana nini juu ya mtu kama mama.”

 Akaniapisha nisimwambie baba yake habari ya fundi redio.

Kaka alipojua habari za darasa, alipiga nyundo mezani. “Ukisimama mbele za watu ukakariri maneno ya wanadamu kama kasuku, usiniite baba tena!”

Binti hakulia. Alimwangalia, akasema, “Sawa, fundi.”

Fundi! Jamani, neno dogo hivyo, lilivyotutesa. Tangu siku hiyo ikawa “Fundi, chai tayari,” “Fundi, kuna mteja,” kwa adabu kabisa, kama mtu aliyekuja kuulizia bei ya geti. Darasani anakwenda, kazini anakuja, mchumba hana, ugomvi hana. Kaka akajifanya hasikii. Lakini geti la watu alilipima mara mbili na bado akalikata fupi. Akawa anaingia chumbani kwangu, anashika mkasi, anauweka, anatoka, anarudi.

“Amesema nini leo?”

“Amesema shikamoo, fundi.”

Anaondoka na kubamiza mlango. Mimi mwenyewe nilishona mkono wa gauni ndani nje. Niliogopa, sifichi. Niliona kiburi chao kimetoka chungu kimoja, na nilijua hakuna atakayelegeza. Binti angehama siku yoyote, na kaka angezeekea kati ya vyuma vyake bila mtu wa kumwita baba.

Jumamosi, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya kukiri, nilipeleka chai karakana. Binti alikuwa anataka kuwasha gesi. Sasa, pale karakana kuna desturi moja. Kaka aliwahi kuungua nyusi zote kwa mpira wa gesi uliokuwa unavuja, na tangu hapo hakuna anayewasha moto kabla hajajibu maswali yake kwa sauti. Hata walivyonuniana, desturi haikuachwa.

“Mtungi?” kaka akauliza, amempa mgongo.

“Umesimama, umefungwa mnyororo.”

“Mpira?”

“Nimeupaka sabuni, hautoi povu.”

“Mchanga?”

“Uko mkono wa kulia.”

“Nyuma yako?”

“Yupo shangazi na chai. Shangazi, sogea.”

Nilisogea, lakini mdomo ulibaki palepale. “Kaka, hayo maswali yametoka wapi?”

“Kwenye kitabu cha mtambo.” Akaonyesha kitabu kilichoning'inia ukutani, kimejaa masizi.

“Si asome kitabu, basi? Maswali ya nini?”

“Una akili wewe? Mtu ana moto mkononi, atafungua kitabu saa ngapi? Jibu linatakiwa liwe mdomoni tayari, kabla ya...”

 Binti alimwangalia baba yake, miwani nyeusi usoni, kiberiti mkononi.

“Nyani haoni kundule,” nikasema.

“Mtambo si Neno la Mungu!” kaka akafoka. “Na hayo ya kanisani, nani amehakikisha kama yametoka Kitabuni? Watu wanameza tu!”

“Njoo uulize, fundi,” binti akasema. Akawasha moto, tukakimbiza macho pembeni.

Jioni kaka alikuja tena kushika mkasi wangu. Nikaona kiapo kitatuua. Nikamwambia yote ya fundi redio, neno kwa neno. Kwa mara ya kwanza nilimwona amesimama bila kutikisika.

“Kwa nini hakuniambia?”

“Kwa sababu ungemfungulia aya.”

Alitoka, na safari hii mlango hakuubamiza.

Asubuhi hakuwepo. Nikasema huyu kakimbia. Nikaenda kanisani peke yangu, nikakaa benchi la kati, na sikumwona mpaka ibada imeanza. Alikuwa mlangoni nyuma, na viatu vya kazi, anahama mguu huu, anahama ule. Binti alikuwa mbele, amevaa gauni nililomshonea mimi, mikono yenye makovu ya cheche imekunjwa kifuani.

Mchungaji akauliza, “Mtu anaokolewa kwa nini?”

“Kwa neema ya Mungu, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo yake.”

“Imeandikwa wapi?”

Mungu wangu! Kanisa zima liligeuka. Wazee wawili wa kanisa wakainuka kwenda kumtoa. Niliutamani ule ufagio wangu. Lakini binti naye alikuwa amegeuka.

“Waefeso, sura ya pili.”

Kaka akatikisa kichwa kukubali. Mchungaji akawaashiria wazee wakae, akauliza la pili. “Kwa nini unakiri imani yako mbele ya watu?”

“Kwa sababu yaliyo moyoni hukiriwa kwa kinywa.”

“Imeandikwa wapi?”

“Warumi, sura ya kumi.”

Kuna waliocheka. Mchungaji naye alikuwa anabana kicheko alipofika swali la tatu. “Muumini akiugua akafa, je, Mungu amemwacha?”

Binti alitazama mlangoni alikosimama baba yake.  “Hapana. Hata kifo hakiwezi kumtenga na upendo wa Mungu.”

Watu wote wakageuka mlangoni, wanasubiri swali. Kaka alisimama pale, midomo inacheza, hakuna kilichotoka.

“Baba,” binti akaita, machozi yanamtoka, “huulizi?”

“Hiyo naijua ilipo, mwanangu,” akasema.

Akasogea kwenye benchi la nyuma, akawaomba watu wampishe, akakaa.