Mwandiko Wangu Kwenye Karatasi Mbili

Nimekosa. Naanza na hilo usije ukafika katikati ukaanza kunihurumia. Hakuna aliyenishika mkono, hakuna aliyenitisha. Nilikaa kwenye kiti, nikachukua kalamu, nikaandika kwamba kaka yangu wa tumbo moja si mkazi wa kitongoji chetu. Kisha nikaweka sahihi.

Kijiji sikitaji. Ni huku Mpwapwa, ukishukia stesheni ya Gulwe bado una mwendo. Kaka nitamwita Yona, ingawa si jina lake. Mimi niache bila jina, maana hata nikiambiwa nilitaje naona haya.

Kwanza umjue Yona. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi nyumbani na watoto wawili na sanduku moja. Baba alishafariki, mama anazeeka. Wapo ndugu waliosema mwanamke akishaolewa kwao ni kwa mume. Yona hakujibizana na mtu. Alibomoa banda la mbuzi, akafyatua tofali, akanijengea vyumba viwili uani kwake. Halafu akanipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji wa wakati ule. "Huyu ni mdogo wangu, amerudi kwao. Muandikeni."

Umesikia? Ukazi wangu mimi aliuomba yeye!

Nilisoma mpaka kidato cha nne, na kwetu hiyo si haba. Nikaingia kwenye chama, nikawa katibu wa tawi. Yona alikuwa chama kingine, wale wapinzani wetu. Nyumbani haikuwa shida hata kidogo. Jioni tunakula ugali wa uwele na mlenda, ananichokoza: "Katibu, lile bomba lenu linatoa maji au linatoa ahadi?" Namjibu, "Wewe na chama chako mnajaa bajaji moja." Mama anacheka mpaka anakohoa.

Ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa. Yona akachukua fomu ya uenyekiti wa kitongoji. Mgombea wetu alikuwa mtu wa maneno mengi, nitamwita Mheshimiwa, maana alipenda kuitwa hivyo kabla hata hajachaguliwa. Kila mtu alijua Yona angempiga mchana kweupe. Mzee akiugua ni Yona anayetafuta usafiri, wakulima na wafugaji wakigombana ni Yona anayekaa katikati. Watu wa chama changu walikuwa wananong'ona kwamba kura watampa yeye.

Yona alileta fomu yake kwangu. "Mdogo wangu, niandikie. Mwandiko wangu utanikosesha." Nikamwandikia. Jina, umri, kitongoji anachoishi. Niliandika vizuri, sikuharibu hata herufi. Nyumbani hatukuwa vyama.

Siku tatu baadaye Mheshimiwa akaniita. Akaniambia, katibu, mwakani kuna viti maalumu, udiwani wa akina mama, na jina lako wakubwa wanalo. Nikauliza nifanye nini. Akasema, "Kaka yako sasa hivi analala wapi?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama na kuondoka. Sikuondoka.

Kwetu, mvua zikikaribia, watu huhamia mashambani. Unajenga kibanda huko, unaberega, yaani unakwangua shamba na kupanda uwele kwenye udongo mkavu kabla mvua haijashuka. Unalala hukohuko mpaka mavuno, kisha unarudi nyumbani. Baba alifanya hivyo, babu alifanya hivyo, na Mheshimiwa mwenyewe hufanya hivyo! Shamba la Yona liko ng'ambo ya korongo, na ng'ambo ya korongo ni kitongoji kingine. Basi uchaguzi ulimkuta kibandani.

Mheshimiwa aliweka pingamizi, lakini maneno niliyapanga mimi. Niliandika kwamba mgombea huyu makazi yake yako kitongoji cha jirani, ndiko anakolala na kula. Kila neno lilikuwa kweli, na barua nzima ilikuwa uongo. Mwisho nikaandika: "Mimi shahidi, dada wa mgombea, nathibitisha."

Nani angebisha? Dada yake kasema!

Siku ya kusikilizwa tuliitwa ofisini wote. Yona alikuja na udongo miguuni, ametoka shambani moja kwa moja. Msimamizi wa uchaguzi akaweka karatasi mbili mezani, fomu na pingamizi. Yona akaziangalia. Hakusoma maneno, aliangalia mwandiko. Ile "k" yangu ya kujikunja aliijua tangu nikiwa darasa la tatu.

"Hii umeandika wewe," akasema, akaigusa fomu. Kisha akaigusa nyingine. "Na hii umeandika wewe."

Nikasema ndiyo. Kasauti kadogo, lakini nilisema.

Jina lake likakatwa. Wenzake wakamwambia akate rufaa, siku zipo. Akawajibu nikisikia, "Nikamkatie rufaa mdogo wangu?" Akavaa kofia yake akarudi kuberega.

Kwenye karatasi ya kura akabaki Mheshimiwa peke yake, ndiyo au hapana. Ndiyo zikatosha. Tulicheza ngoma, nilivaa kanga mpya ya chama, nikapiga vigelegele mpaka koo likauma. Najiuliza hadi leo nilikuwa nampigia nani.

Mvua zikaja, uwele ukakomaa, watu wakavuna. Mmoja mmoja wakaanza kurudi majumbani. Yona hakurudi. Mama alikuwa anakaa mlangoni, anatazama njia ya korongoni, ananiuliza, "Hajamaliza kuvuna tu?" Namwambia bado, mama. Mama hakujua kusoma, na mimi sikumwambia. Aliambiwa na watu wa kisimani.

Aliporudi kutoka kisimani hakunigombeza. Alikaa chini, akaniuliza swali moja tu. "Kwa hiyo mimi nimezaa mgeni?"

Ole wangu! Nilitamani anipige.

Yona alikuja na mkokoteni wa ng'ombe. Akang'oa milango ya nyumba yake, akatoa mabati, akabeba jiwe la kusagia la mkewe. Vyumba vyangu viwili hakuvigusa. Nikamfuata, nikamwambia kaka nisamehe, yalikuwa mambo ya siasa tu. Akafunga kamba ya mzigo taratibu. "Sina kinyongo, mdogo wangu. Umeandika sikai hapa. Nimeona nisikuache na uongo." Maneno hayo yamenikaa kifuani mpaka leo.

Mama naye akafunga kanga zake kwenye furushi. Nilimshika mkono. Akasema anakwenda kukaa na mwanawe kidogo, halafu atarudi. Wakampakia juu ya mabati, wakavuka korongo.

Viti maalumu unataka kujua? Kwenye kura za maoni za akina mama nilipata kura mbili. Moja yangu. Mheshimiwa aliyeniahidi alikaa na mgombea mwingine, hata hakunitazama.

Na bado! Miezi michache baadaye, kwenye mkutano wa hadhara wa chama kile kingine, chama cha Yona, nani akapanda jukwaani? Mheshimiwa! Akavua kofia yetu, akarudisha kadi, akavishwa kofia yao. Akasema amechoka kukaa gizani, sasa ameona mwanga. Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na sahihi yangu.

Kiti kikawa wazi, uchaguzi mdogo ukaitishwa. Vyama vyote viwili vikamwendea Yona, hata chama changu! Nami nikatumwa, eti kwa kuwa ni dada. Nilikwenda, nimejaa matumaini kama mtoto. Nilijiambia akikubali atarudi nyumbani, na mama atarudi, na mimi nitapumua.

Alinipokea vizuri, mkewe akaniletea uji. Yona akatusikiliza wote mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mtu anagombea anapokaa. Mimi sikai kule. Barua mnayo." Hakupandisha sauti. Aliyesimama mahali pake alikuwa kijana wa chama chao, akashinda, na tawi langu likafungwa kwa kukosa watu.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka siku ile. Alinishika kichwa, akaniuliza kama watoto wanakula. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kusikia sauti yake.

Alifariki wakati wa kuandaa mashamba. Akazikwa ng'ambo, kwenye uwanja wa Yona, wakati kaburi la baba liko huku uani kwangu, nalifagia mimi. Sijui wanaitana vipi kuvuka korongo lile.

Siku ya msiba nilifika nalia, nikaelekea ndani wanakokaa wafiwa, chini kwenye mikeka. Mabinti wa marehemu hukaa humo. Wifi yangu akanikuta mlangoni, akanipokea kwa mikono miwili.

"Karibu wifi. Pole na safari."

Safari! Korongo tu lile, robo saa kwa miguu! Akanishika mkono taratibu akanipeleka nje, kwenye turubai, akanipangusia kiti cha plastiki, akaniletea maji ya kunywa. Nikakaa kwenye kiti, mama yangu yuko ndani, watu wengine wanamlilia. Baada ya mazishi msemaji akashukuru wote, akawashukuru na "wageni wetu kutoka vitongoji vya jirani." Watu wa turubai letu wakaitikia amina. Nami nikaitikia, ningefanyaje?

Wewe unayenisoma, labda msimu huu kuna mtu atakuwekea karatasi mbele yako. Atakwambia ni siasa tu, yataisha kura zikihesabiwa. Muulize kwanza yeye ataandika jina la ndugu yake? Mkatalie! Kipigie chama chako kampeni usiku na mchana, imba, cheza, gombana kwenye vijiwe. Lakini usitoe ushahidi wa kumfukuza aliyekupokea. Wanaokutuma watabadili kofia siku yoyote. Wewe hutapata ndugu mwingine.

Wiki iliyopita kijana yule mwenyekiti mpya alipita kuhakiki daftari la wakazi. Akasimama uani, akatazama ile nyumba ya Yona isiyo na milango wala bati, akatazama kaburi la baba. Watoto wangu wako shule za mbali, wameandikwa huko. Akaniuliza, "Mama, kaya hii mko wangapi?"

Nikamwambia aandike mmoja.