Kiti cha Rais Ng'ambo ya Mto

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa Uluguru umeshuka mpaka juu ya maji. Riziki Mohamedi, mama mbeba mizigo wa Matombo, anavuka mto na mkungu wa ndizi kichwani. Maji yakimfika kiunoni, sauti ya mtoto inatoka ukunguni.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," anaitikia bila kugeuka.

Nyuma yake, mbeba mizigo mwenzake, Abuu, anaitikia harakaharaka. Kingo zote mbili hazina mtoto.

Kila avukaye hapa huitikia. Asiyeitikia, wanasema, husalimiwa tena, kwa karibu zaidi.

Riziki anaijua sauti hiyo. Ni ya Maimuna, binti yake wa kwanza, aliyesombwa na mto akienda shule. Siku ya maziko wakubwa walikuja na suti zao kumwakilisha Rais, wakaahidi daraja. Kampeni iliyofuata wakaliahidi upya, kana kwamba watu huku hawana kumbukumbu. Wapimaji wakachomeka vigingi. Vigingi vipo, vimeota kuvu. Watoto bado wanavuka kwa miguu.

Mkungu mmoja humpatia shilingi elfu mbili. Kwa kichwa hichohicho amemsomesha Shadya, mdogo wake Maimuna, hadi chuo kikuu mjini Morogoro. Mwezi ujao anahitimu ualimu.

Kadi ya kwanza ya mwaliko wa sherehe ya mahafali, Riziki ameituma Ikulu.

"Mama Maimuna, Rais aje kula pilau yako?" Abuu anamtania wakitua mizigo barabarani. "Si atatuma mwakilishi tu!"

"Wawakilishi tulizika nao. Safari hii namtaka mwenyewe."

Kamati ya maandalizi ilimsihi sherehe ifanyike huku barabarani, wageni wasilowe. Akakataa katakata. Itafanyika nyumbani kwake, ng'ambo. Kiti cha mgeni rasmi keshakifunga kitambaa cheupe, kinautazama mto.

"Sasa akija, nani atampokea majini?" Abuu anauliza. Hacheki tena.

Riziki anautazama ukungu. Haujapanda hata kidogo.

"Mwenyeji wake yupo. Rais aitikie tu."

Anaweka ngata kichwani, anageuka kurudi mtoni.

"Nataka avuke mara moja tu, Abuu. Akishasalimiwa, atajenga daraja."