Mkono wa Bwana Thirkettle

Hester Thirkettle hakuwa mtu wa subira, na picha ile ilimmalizia hata ile kidogo aliyojaliwa.

Ilichorwa juu ya ubao, hapo hapo kwao Norfolk, mwaka 1763: babu wa mababu zake amesimama na mkewe, kamwekea mkono begani. Ilirithiwa bila ugomvi mpaka ilipofika kwa baba yake Hester na shangazi Maud. Kila mmoja aliitaka. Basi, ili asidhulumiwe mtu, wakamwita seremala akaipasua katikati. Baba akabaki na Bibi, shangazi akaondoka na Bwana. Eti haki imetendeka!

Hester alikua akimtazama yule Bibi juu ya meko, na vidole vinne visivyo na mwenyewe begani pake. Vilimuudhi tangu utotoni. Uzeeni daktari alipomwambia macho yake yanakwisha, alitaka jambo moja tu: awaone wawili hao pamoja kabla hajapofuka.

Kila Krismasi alimpigia simu binamu yake Lionel, mtoto wa Maud.

"Mlete Bwana wako."

"Mlete wewe Bibi. Mke ndiye humfuata mume."

"Mkeo alikufuata wapi, Lionel? Si alikukimbia?"

Simu ikakatwa, mwaka mwingine ukapotea.

Hatimaye Lionel akasikia kwa watu habari ya macho ya Hester. Akaja mwenyewe, Bwana kamfunga blanketi nyuma ya gari. Hester hata chai hakumpa. Walizilaza nusu zile mezani, wakazisukuma mpaka zikagusana.

Hester aliinama, pua karibu iguse rangi. Mkono wa Bwana uliishia kwenye lesi ya shati. Ng'ambo vilianza vidole.

"Lionel, kiganja kiko wapi?"

Lionel alijikuna shingo. "Mama alipunguza kidogo. Picha haikuenea kati ya madirisha yetu."

"Na kipande?"

"Alizibia tundu la banda la kuku."

"Banda lipo?"

"Lilioza zamani, Hester."

Akaketi. Miaka yote ile ya kubembeleza na kutukanana, kumbe kuku! Hasira zilimpanda mpaka machozi yakamtoka. Kisha akamtupia Lionel nyundo na kumwonyesha ukuta, na mahali pa kila msumari.

"Umeacha mwanya mkubwa hapa kati," Lionel alisema. "Tuzibananishe, usionekane."

"Thubutu! Upana wa kiganja, hivyo hivyo. Mimi sitauona muda mrefu. Lakini kila mgeni atauliza mkono umekwenda wapi, na wewe utakuwa umekaa kiti kile pale, umjibu."